Wifi, Nimeupanda Mlima kwa Magoti Haya Haya

Wifi yangu Anjela,

Nimefika. Naanza na hilo kwa sababu najua hukuwa na subira na mtu anayezunguka mbuyu. Ulikuwa ukinikata katikati ya habari: "Wifi, mtu amekufa au hajafa? Sema kwanza, mengine utanisimulia baadaye." Basi nimesema kwanza. Nimefika kaburini kwako kwa miguu yangu, sikubebwa na mtu. Lakini nilichokikuta huko juu sikukitegemea, ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Lusungu aliniona natafuta kalamu akauliza, "Mama, unamwandikia nani?" Nikamwambia namwandikia shangazi yako. Akanitazama, kisha akaniletea chai. Binti yangu amekua, Wifi. Zamani angesema nimechanganyikiwa.

Kaka yako alipotutoka, ulikuja hapa kwangu Makambako kuomboleza pamoja nami, ukasahau kurudi kwenu. Ulipanga chumba nyuma ya nyumba yangu, ukaanza kuuza viazi sokoni, na watu wakangoja tugombane. Walisema hakuna wifi asiye na maneno. Maneno ulikuwa nayo, hilo sitakusingizia uzuri, lakini ulikuwa ukinipa mimi kwanza kabla ya kuwapa wengine.

Ninachokukumbuka zaidi ni asubuhi. Chai ikiisha, unasimama mlangoni kwangu, kitenge umeshakaza, unasema, "Wifi, simama twende." Huulizi kama naweza. Goti langu la kulia lilikuwa linauma tangu wakati ule, la kushoto likilifuata kama mdogo mtu. Tunashuka kuelekea reli ya Zambia, unanihesabia nani kaoa, nani kaachwa, dereva gani wa lori anaonekana gesti na nani. Nikibaki nyuma unasimama kufunga kitenge chako upya. Kitenge hakikuwa kimelegea, Wifi. Nilikuwa najua. Ulikuwa unaningoja bila kunitia aibu, nami nilikuacha uamini kwamba sijui.

Halafu presha ikakuchukua. Ulianguka sokoni ukiwa umeshika gunia, wakakukimbiza Njombe, na kabla Lusungu hajanitafutia usafiri simu ikalia. Ulizikwa kwenu, njia ya Lupembe, kule juu kwenye makaburi ya ukoo, ambako gari halifiki na hata bodaboda inaishia kwenye daraja la magogo. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nilivuka daraja nimeshikwa mikono, nikapita mashamba ya chai, nikafika kwenye mianzi ya kwanza, na hapo goti likakataa. Likakataa kabisa, kama ng'ombe aliyeogopa maji. Wanawake wakasema nibebwe. Nani anibebe? Vijana wote wenye nguvu walikuwa wamekubeba wewe.

Nikarudishwa uani kwenu, nikawekewa kiti. Nikasikia nyimbo zinapanda mlima, zinakuwa ndogo, kisha kimya. Katika kimya kile nilijua kwamba sasa watu wanapita mmoja mmoja, kila mtu na udongo wake mkononi. Watu baki walikutia udongo. Yule muuza mkaa uliyegombana naye mwaka mzima alikutia udongo. Mimi niliyekula nawe chungu kimoja nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nimefunikwa kitenge, nashika magoti yangu.

Tangu siku ile nilitaka jambo moja tu: nifike pale nikutie udongo wangu. Sikutaka kupona wala kurudi sokoni.

Lakini niliporudi Makambako nilikaa. Unaujua mji wetu, Wifi. Mji wa malori huona kila kitu kwa macho ya gereji. Wakasema grisi ya magoti imeisha. Wakasema magoti hayana spea, uyatumie kwa akiba, kila hatua unayokanyaga inakula tairi. Jirani yetu Mama Beti akaniletea maji ya bamia zilizolowekwa, yanavutika kama kamasi, eti yatarudisha ute. Nikanywa. Akaja mwingine na supu ya kongoro, nayo nikanywa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la wakuu wote, na guu halikuniachia.

Na kila mtu kwa upendo wake akinikalisha. Mama Lusungu kaa, Mama Lusungu usiinuke, maji tutakuletea. Nikaacha soko, halafu nikaacha kanisa, na mwisho kutoka kitandani kwenda chooni ikawa safari ya kujiandaa. Ikafika mahali Lusungu akisema tu, "Mama, inuka ule," goti linaanza kuuma kabla sijalisogeza. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Chai inaisha, nami natazama mlango. Wifi, nilikuwa nakungoja. Najua nilichokiona kwenye jeneza, lakini nilikuwa nakungoja.

Miezi ya baridi, ukungu umelala hadi saa nne, Lusungu akachoka kunibembeleza akanipeleka hospitali kule Njombe. Wakanipiga picha. Daktari akanionyesha: gegedu, yaani ule utando laini unaozuia mifupa isisagane, limelika pande zote mbili. Nikasema moyoni, haya, Mama Beti alisema. Nikangoja dawa. Nikapelekwa chumba cha mazoezi ya viungo, kwa binti mmoja mrefu aitwaye Yusta, Mkinga kutoka Makete, amevaa raba. Badala ya dawa akanipa kiti.

Kaa. Simama. Kaa. Simama. Bila kushika.

Nikamwambia, "Mwanangu, nimetoka Makambako kuja Njombe kufundishwa kukaa na kusimama?" Akacheka, akasema, "Ndiyo, mama. Na ukirudi Makambako uendelee." Ungempenda. Ana ujeuri kama wako.

Nikamweleza habari za tairi na akiba, maana sikutaka anione sijui kitu. Akasema hapana, mama, tairi halijui kujirekebisha, mwili unajua. Goti lisipotembezwa msuli wa paja unanywea, na goti linabaki peke yake na mzigo. Hilo nililielewa. Lakini lililofuata lilinikasirisha. Alisema maumivu yangu hayakai gotini peke yake, yanatengenezwa ubongoni. Nikavuta mtandio wangu. Nikamuuliza, "Kwa hiyo mimi ni kichaa? Ninajitungia?" Akaja akapiga magoti mbele yangu, yeye mwenye magoti mazima, akanishika mikono. "Mama, maumivu yako ni ya kweli kabisa. Nataka tu ujue yanapita njia gani."

Nakueleza kama nilivyomwelewa, ukicheka shauri yako. Umewahi kuona mtaa ulioibiwa kweli? Siku ya kwanza mwizi ni mwizi, mtu anapiga yowe, majirani wanatoka na mapanga, na ni haki yao. Lakini wakishaibiwa mara nyingi, hata paka akipita juu ya bati mtaa mzima unatoka. Mmoja akipiga yowe, wa pili haulizi, anapokea. Balozi wa nyumba kumi anasimama anasema ni paka tu, rudini ndani, lakini nani anamsikia? Yusta anasema ubongo wa mtu aliyeumwa miaka mingi unakuwa hivyo. Sehemu inayosikia maumivu, sehemu ya hofu na sehemu ya kumbukumbu zimezoea kuitana. Ile inayotuliza bado ipo, lakini sauti yake haiwafikii. Ndiyo maana goti langu liliuma kwa kuambiwa tu niinuke.

Mazoezi, anasema, yanamrudishia balozi sauti. Kila ninaposimama kutoka kwenye kiti na mwizi asitokee, mtaa unajifunza. Aliniambia wataalamu wanapiga picha ubongo wa watu wenye magoti kama yangu, kabla ya mazoezi na baada yake, wanatazama sehemu zipi zinawasiliana na zipi zimesahauliana. Na inaonekana mazoezi hayakazi msuli tu, yanagusa hata mazungumzo ya huko juu. Hawajamaliza kuchunguza, hilo alilisema waziwazi, na watu hawafanani. Gegedu langu halitaota tena. Kinachoweza kubadilika ni kelele.

Halafu nikamuuliza swali ambalo Lusungu aliniona nimevuka mpaka kuliuliza. Nikasema, na mtu akimlilia mtu wake, nayo ni kelele ya namna hiyo? Mazoezi yatainyamazisha nayo? Yusta akatazama dirishani. Akasema, "Hilo sijasoma, mama."

Nilimheshimu kwa jibu lile kuliko kwa mengine yote.

Basi nikarudi nyumbani nikaanza. Nashika fremu ya mlango, nashuka kidogo, napanda. Nalala chali nainua mguu ulionyooka. Sihesabu, naimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, ubeti ukiisha nami nimemaliza. Watoto wa jirani wakichungulia wanaambiana, "Bibi kaenda jeshi." Mwanzoni niliumwa zaidi, nikamtukana Yusta kimoyomoyo kwa Kibena na kwa Kiswahili. Lakini alikuwa ameniambia mapema: maumivu yanayotulia kufikia kesho yake siyo ya kukuharibu, ni ya mwili unaozoea, yakikataa kutulia, punguza, usiache. Mama Beti alikuja akasimama na bakuli lake la bamia, akanitazama nikipanda na kushuka, akatikisa kichwa. "Unayamaliza hayo magoti, mama, utakuja kulia." Nikamwambia nimeshalia sana nikiwa nimekaa.

Kisha nikaanza kutembea. Kwanza hadi uzio wa kanisa, baadaye hadi gesti ya kona, na siku moja nikaona reli. Goti lilikuwa linasema, lakini lilikuwa linasema kama mtu mzima, halipigi yowe. Nilisimama pale nikaona lori limebeba mbao linapinda kuelekea Mbeya, na mdomo ukafunguka wenyewe nikuambie nani alikuwa anaendesha.

Hakukuwa na mtu.

Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo hakuna aliyenionya. Nilipokuwa nimekaa, maumivu yalikuwa yanajaza nyumba nzima, na wewe ulikuwa unapata kona tu. Sasa yamepungua, na wewe umeongezeka. Njia yote ile ni yako. Pale ulipompiga yule kijana mwizi wa vitunguu. Pale uliposimama kufunga kitenge. Natembea vizuri, Wifi, watu wananisifu, na kila hatua nzuri inanionyesha kwamba haupo pembeni. Nimekutamani hadi nimekukasirikia. Ungeningoja kidogo tu.

Nilirudi kwa Yusta, akanifurahia, akanipa mazoezi ya kupanda ngazi. Nikamwambia kuna mlima nautaka. Hakuniuliza mlima gani. Alisema tu nipande kwa kituo, nipumzike kabla goti halijanilazimisha, na nikifika nisidhani nimemaliza, kwa sababu nikiacha kutembea mtaa utasahau na kelele zitarudi.

Njia zilipokauka mwanao Daudi akapiga simu. Alisema ukoo unakujengea kaburi, kutakuwa na ibada fupi. Nikamwambia nakuja. Akasita. "Mama, uani kwetu kutakuwa na kiti, usijisumbue." Nikamwambia kiti hicho akikalie yeye.

Tulifika kwenu asubuhi, nimevaa sweta mbili, Lusungu nyuma yangu kama askari. Akina mama wakanipokea kwa salamu, kamwene, kamwene, na tayari mmoja ameshaburuta kiti. Sikukikalia. Nikavuka daraja la magogo mwenyewe, fimbo mkono wa kulia. Nikapita mashamba ya chai. Kwenye mianzi goti likaanza maneno yake, na hofu ikaja nayo, hofu ile ile ya siku ya mvua. Nikasimama. Nikaliambia kwa sauti, Lusungu akanisikia, "Ni kilima tu. Hatuzikwi sisi." Nikapumzika, nikaimba ubeti wangu, nikaendelea. Watu waliokuwa mbele wakapungua mwendo. Hakuna aliyejifanya anafunga kitenge, lakini walipungua.

Kwenye kona ya mwisho niliinama nikachota udongo. Mwekundu, mkavu, umejaa mizizi midogo. Nikaufumba mkononi, nikapanda hatua zilizobaki nimeushika.

Nikafika, Wifi. Na kaburi lilikuwa limefunikwa.

Daudi alikuwa amefanya vizuri kuliko uwezo wake. Saruji, msalaba, jina lako, na vigae vyeupe kutoka kichwani hadi miguuni, vinang'aa hadi vinaumiza macho. Wamefanya mapema ili pakauke kabla ya ibada. Hapakuwa na mahali hata pa kuingiza kidole. Nilisimama na ngumi yangu kama mtu aliyepeleka zawadi akakuta nyumba imefungwa. Miezi yote ile, kaa simama, kaa simama, reli, ngazi, mianzi, na nimefika nimekuta mlango umepigwa plasta.

Nililia. Sikulia kwa heshima kama wajane wanavyofundishwa, nililia kama mtoto aliyeachwa sokoni. Goti halikuniuma hata kidogo wakati ule, nakuambia ukweli, na nilitamani liume, nipate kitu kingine cha kushika. Lusungu akanishika kiuno. Mchungaji akangoja na kitabu chake.

Mwisho nikasogea. Nikafungua mkono, nikakuwekea udongo wangu juu ya vigae, pale ninapodhani ni kifuani. Ulikuwa mdogo sana, Wifi. Kiganja kimoja tu, chekundu katikati ya weupe wote ule. Fundi alikuwa pembeni na kitambaa chake, kazi yake mpya imechafuliwa, akainama afute. Daudi akamshika mkono. "Acha," alisema. "Acha ukae hapo."

Wakaimba, wakaomba, nasi tukashuka. Nilishuka polepole, kushuka ndiko kugumu kwa goti, watu hawajui. Nilipogeuka kwenye mianzi sikuuona tena udongo, vigae tu.

Jana jioni mvua ya kwanza imenyesha Makambako. Nilikaa mlangoni nikaisikiliza juu ya bati, na nilijua kwamba kwenu hunyesha kabla ya kwetu. Kwa hiyo umeshaondoka, udongo wangu. Vigae vimeoshwa, viko safi, fundi ameridhika. Nilidhani nitaumia nikiwaza hivyo. Nimewaza tangu jana, na leo asubuhi, chai ilipoisha, nimesimama kutoka kwenye kiti bila kushika, nikatembea hadi relini na kurudi, kwa sababu nimeshaelewa nitakachofanya.

Kila mvua itakapouosha, nitakuja kuuweka mwingine. Wifi, Yusta anasema magoti haya nisiyaache yakae, na wewe umenipa pa kwenda. Wenzangu walikutia udongo siku moja, wakakung'uta mikono, wakamaliza kukuzika. Mimi sitamaliza.

Lala, mama wa maneno mengi. Njia ikikauka nakuja.

Ni mimi wifi yako,
Mama Lusungu